Adabu ya Dawa ya Kizunguzungu

Dada yangu mkubwa alitibu kizunguzungu kwa miaka thelathini na moja, na kwa miaka yote hiyo hakujua dawa yake hasa ni ipi. Mimi nilijua. Nilijua kwa miaka miwili mizima, nikakaa kimya kama maji mtungini, na ukimya huo nusura umwangushe mtu kutoka juu ya paa. Kwa hiyo ukiona najisifu humu ndani, nivumilie. Sifa yangu na aibu yangu, kwenye jambo hili, ni mapacha.

Watu wanamwita Mama Mizizi. Jina alilozaliwa nalo, ukimwita kwalo, anageuka nyuma kuangalia nani anaitwa. Anakaa vyumba viwili. Cha nyuma ni jiko na kitanda chake. Cha mbele ni cha kazi, na hapo harufu ya tangawizi inakupokea mlangoni kabla ya mwenyeji. Kuna rafu ya makopo yaliyowahi kuwa ya maziwa ya unga na sasa yana magome. Kuna kibati alichokitoboa kwa msumari ili akunie tangawizi, na kisu cha mama yetu, mpini umefungwa mpira wa baiskeli. Katikati ya chumba kuna kitanda cha mbao, chembamba, hakigusi ukuta upande wowote. Wageni hudhani amekiweka vile kwa kukosa akili. Subiri.

Dawa yenyewe aliirithi kwa mama. Gome moja jekundu, chungu kuliko habari mbaya; tangawizi mbichi; majani mawili ya mlimau; vinachemshwa mpaka maji yabaki theluthi. Lakini mama alisema dawa hainywewi hovyohovyo kama mtu anayekimbilia gari. Dawa ina adabu yake.

"Kizunguzungu ni mgeni," alikuwa akisema, na dada akamrithi mpaka sauti. "Mgeni hafukuzwi. Anaonyeshwa mlango kwanza, halafu ndiyo anapewa kikombe cha kuagwa."

Kumwonyesha mlango kulikuwa hivi. Mgonjwa anakaa kitandani, miguu juu, anageuza uso nusu kuelekea upande unaomzungusha. Dada anamshika kichwa kwa mikono miwili na kumlaza chali kwa mara moja, kichwa kinaning'inia kidogo nje ya godoro. Hapo dunia inamzunguka kweli, anapiga kelele, anamwita mama yake. Dada anasubiri mpaka macho yatulie. Kisha anakigeuza kichwa polepole upande wa pili, anasubiri tena. Kisha mgonjwa anapinduka mwili mzima ubavuni, pua inaangalia sakafu, wanasubiri. Mwisho anakalishwa taratibu, na ndipo kikombe kinakuja. Wengi walitoka wakitembea wima, wanasifu gome.

Sasa mimi. Niliishia darasa la sita, na hilo nililimaliza kwa kupitia dirishani. Lakini akili, jamani, haigawiwi pamoja na vyeti. Siku dada alipokwenda kung'olewa jino aliniachia chumba. "Kaa tu," aliniambia, shavu limevimba kama limemeza ngumi. "Usiguse kitu. Mtu akija mwambie kesho."

Nikagusa. Nilitaka kuona kama naweza kuinua sufuria ya dawa kwa mikono mitupu, kwa kuwa siku ile nilikuwa nimejisifu mahali fulani kwamba mikono yangu haisikii moto. Inasikia. Dawa yote ikaenda sakafuni.

Bado napuliza vidole, akaingia mwalimu wetu mkuu mstaafu, mtu wa kusahihisha hata salamu, ameshika ukuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Dada yako yuko wapi?"

"Kaenda kung'oa jino. Ila nipo mimi, msaidizi wake mkuu."

Akanitazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa linahangaika. "Nakukumbuka darasani," akasema. "Mungu anisaidie."

Ningemrudishaje mtu katika hali ile? Nikamlaza kama nilivyoona mara elfu. Akalia, akatulia, nikamgeuza, nikampindua. Ilipofika zamu ya kikombe, nikaenda jikoni. Kulikuwa na chai ya rangi ya asubuhi, imepoa. Nikaitia pilipili. Nikaona haijawa na uchungu wa kuheshimika, nikaitia na majivu ya jikoni, kidogo kwa ncha ya kijiko. Mwalimu mkuu akaimaliza, akafumba macho, akasema, "Hiyo ndiyo dawa."

Kesho yake alipita barabarani bila fimbo. "Ya jana ilikuwa kali kuliko ya dada yako," akaninong'oneza. "Usimwambie."

Sikumwambia. Lakini kitu kile kilinikaa kichwani kama mbegu ya pera kwenye jino. Kila dada alipotoka na kuniachia mgonjwa, mimi huyo na majivu yangu. Mara ya kwanza ilikuwa ajali. Mara zilizofuata ulikuwa uchunguzi, na mtu akibisha aje tubishane. Niliwanywesha watu sita. Watano walipona palepale. Wa sita alikuwa hajala tangu jana yake. Nikampa mkate, akapona na yeye.

Kwa nini sikumwambia dada? Kwanza, siri ni tamu, hasa ukimjua mtu anayejiona anajua. Pili, na hili nalisema kwa sauti ya chini: nilikuwa nikimwona asubuhi anakwangua gome kwa kisu cha mama, anapuliza vumbi lake, anaongea nalo kidogo. Ulimi wangu ni mrefu, lakini pale ulifupika.

Basi magoti yakaanza kumsumbua. Kumlaza mtu mzima na kumpindua, mara nane au tisa kwa siku, si kazi ya mama mwenye magoti yaliyojaa. Akaamua kutia dawa kwenye chupa. Akabandika karatasi: vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni. Adabu hakuiandika. Kitanda hakiingii kwenye chupa, na yeye aliona adabu ni heshima tu, kama kuvua viatu mlangoni. Ni vizuri, lakini hata usipovua utaingia.

Wiki za kwanza chupa zilitoka kama mkate wa moto. Halafu watu wakaanza kurudi, na hawakurudi na sifa.

"Mama, bado nazunguka."

"Umekunywa yote?"

"Mpaka mashapo."

Dada akamlaumu mleta magome, kwamba analeta ya miti michanga. Akabadilisha mleta magome. Akazilaumu chupa za plastiki, akatafuta za kioo. Akachemsha zaidi, mpaka dawa ikawa nyeusi, inamwagika kwa uvivu kama lami. Mtaani wakaanza kusema Mama Mizizi ameishiwa baraka. Alisikia, akachemsha siku nzima tena.

Na mimi nikaona. Mwanzo nilikuwa na nusu ya jawabu: adabu bila dawa inaponya. Sasa chupa zikaniletea nusu ya pili: dawa bila adabu haiponyi. Hata mtu wa darasa la sita anajumlisha hapo. Lakini nikasema moyoni, wacha, atagundua mwenyewe, nisije nikaonekana mjuaji. Mimi! Nisionekane mjuaji! Uoga una maneno mazuri sana ukitaka kujifichia.

Alhamisi moja mchana akaja mke wa Paka. Paka ni fundi wa mabati. Walimpa jina hilo kwa jinsi anavyotembea kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, kama yuko sebuleni kwake. Mkewe aliingia na chupa tatu tupu ndani ya mfuko, akazipanga mezani moja moja.

"Mama, hizi zote kazimaliza," akasema. "Akilala akigeukia kulia, nyumba inazunguka. Akiinua shingo kuangalia juu, hivyohivyo. Jumatatu alikuwa juu kwa mtu, akainama kuchukua msumari, paa likamgeuka. Kakumbatia boriti muda mrefu, anasema bati lote lilikuwa linapanda na kushuka. Kashuka kwa makalio, Mama. Paka! Kwa makalio!"

"Na sasa?"

"Jumamosi wanapaua ukumbi wa shule. Mrefu kama nini. Nimemwambia asipande, anasema dawa ya Mama Mizizi haijawahi kushindwa, labda hajanywa ya kutosha. Anakuamini wewe kuliko anavyoniamini mimi."

Dada alisimama, magoti yakalia. Akatoa chupa nyuma ya rafu. "Hii nimeichemsha siku mbili. Hii mpe leo na kesho, vijiko sita. Jumamosi atapanda hata mnara."

Mama wa watu akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akatoka.

Chai yangu ilikuwa mbele yangu. Niliisahau. Nilikuwa namwona Paka yuko juu ya ule ukumbi, anainama kuchukua msumari, tumbo limejaa lami ya dada yangu.

"Dada."

"Nini?"

"Hiyo chupa haitamsaidia."

"Umeanza."

"Sijaanza. Namaliza." Nikamwambia yote. Sufuria, mwalimu mkuu, chai, pilipili. Watu sita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anakwangua gome, na kisu hakikusimama. Kilikwenda vilevile, kwa mwendo uleule, mpaka nilipofika kwenye majivu.

"Majivu ya jiko langu?"

"Ya jiko lako."

"Ukampa mwalimu mkuu."

"Kidogo. Kwa ncha ya kijiko."

Nilitegemea kisu kinirukie. Badala yake akakiweka chini, akakigeuza mpini uangalie ukutani, kama mama alivyokuwa akikiweka akishamaliza kazi. Nilitamani angenipiga.

"Miaka thelathini na moja," akasema. "Nimeyabeba haya magome mgongoni. Nimekwaruza mpaka kucha zimebadilika rangi. Kwa hiyo mama alikuwa mwongo, na mimi ni mwongo mtoto wa mwongo?"

"Mama alikuambia mlango kwanza, kikombe baadaye. Wewe ndiye uliyeanza kuuza vikombe bila mlango."

"Na wewe ndiye uliyeniangalia nikiuza! Wiki ngapi? Unakunywa chai yangu, unaniangalia nachemsha, unajua!"

Nikakisogeza kikombe mbali nami.

Akajifuta mikono. "Vaa viatu," akasema.

Si mbali kwa Paka, lakini kwa magoti yale ni safari. Alisimama mara tatu njiani, hakutaka nimshike mkono. Tulimkuta Paka amekaa kizingitini anachambua misumari ya bati, iliyonyooka bakuli moja, iliyopinda bakuli jingine, anachambua kwa vidole huku anaangalia mbele, maana akiinama dunia inamzunguka. Mkewe alikuwa bado na chupa mkononi.

"Karibu Mama!" mkewe akasema. "Umetufuata mpaka huku?"

"Nimekuja kuchukua chupa yangu. Fundi, kitanda chenu kiko wapi?"

Paka akacheka. "Mama, mke wangu yuko hapahapa."

"Aje na yeye aangalie. Ingia."

Akamkalisha kitandani, akamgeuza uso nusu upande wa kulia, akamshika kichwa. "Itakuja mbaya. Usifumbe macho." Akamlaza. Paka alitoa sauti ambayo sikuitegemea kwa mtu anayetembea kwenye kenchi. Akamkamata dada mkono, akanikamata na mimi. Nikainama kumwangalia. Macho yake yalikuwa yanarukaruka upande mmoja, chap chap chap, kama sindano ya cherehani. Miaka yote nilikuwa nawalaza watu nikiwaza kikombe. Sikuwahi kuyaangalia yale macho. Yakapunguza. Yakasimama.

"Tulia," dada akasema. "Bado." Akakigeuza kichwa. Akampindua. Akasubiri, jasho linamtiririka shingoni, magoti yanatetemeka, na nilipotaka kumpokea akanisukuma kwa kiwiko. Mwisho akamkalisha.

Mke wa Paka akasema taratibu, "Na kikombe, Mama? Nichemshe maji?"

Nilimwona anaitazama chupa ile, nyeusi, jasho la siku zake mbili.

"Leo hakuna kikombe," akasema.

Paka akageuza kichwa kulia. Akageuza kushoto. Akaangalia juu, akainama akaangalia chini ya kitanda, akakuta na kandambili yake iliyopotea, akaibuka nayo. "Mama! Imekata! Imekata kabisa! Jumamosi mimi huyo juu!"

"Kesho asubuhi kituo cha afya."

"Cha nini tena? Mimi si mgonjwa."

"Fundi, nisikilize. Nimekudanganya wiki tatu bila kujua. Na leo pia usiniamini, mpaka mtu mwingine akuangalie."

Sijawahi kumsikia mtu wa kazi yake akisema maneno hayo, na nimewasikia wengi. Alikuwa tayari kubishana na ushauri, lakini atabishana vipi na mtu anayejishitaki mwenyewe?

Ijumaa tukawa wanne kwenye benchi la kituo cha afya. Nesi alikuwa mama wa makamo, kalamu kwenye nywele, mwendo wa haraka. Akampima Paka presha, akamwangalia masikio, akamwambia anyooshe mikono, atabasamu, atembee mstari mmoja. Akamlaza vilevile kama dada alivyomlaza, nikaona dada anashika ukingo wa benchi. Macho ya Paka hayakuruka.

"Jana yalikuwa yanaruka, mnasema?" nesi akauliza. "Nani alimfanyia hivi?"

"Mimi," dada akasema.

"Ulisomea wapi?"

"Kwa mama yangu. Alikuwa anasema unamwonyesha mgeni mlango."

Nesi akacheka, lakini si kwa dharau. Akamchorea nyuma ya fomu. Ndani ya sikio, akasema, kuna vijiwe vidogo kuliko punje ya chumvi. Wakati mwingine vinahama, vinaingia kwenye vijia ambako si kwao, ukigeuza kichwa vinavuruga. Kulala na kupinduka kwa mpango ule kunavirudisha mahali pake. "Hospitali tunafanya hivihivi, na imepimwa: wanaofanyiwa wanapona wengi kuliko wasiofanyiwa. Mama yako alikuwa sahihi."

"Na dawa?" dada akauliza. Akaitoa chupa kwenye kanga na kuiweka mezani. Alikuwa ameibeba njia nzima bila kutuambia. "Hii nimewapa watu miaka yote. Tangawizi, majani ya mlimau na gome. Inafanya nini? Niambie kama ilivyo, mwanangu. Usinionee aibu."

Nesi akafungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Tangawizi imepimwa kwa kichefuchefu, na kuna wanaosaidika, basi hapo tumbo linaweza kutulia. Kwa kule kuzunguka kwenyewe, ushahidi ni mdogo sana. Limau ni harufu nzuri tu. Gome hili silijui, na sijui kama kuna aliyelipima. Kutolipima si kusema ni baya, lakini si kusema ni zuri pia. Kwa watu wanaokunywa vidonge vya presha, mimi nisingewapa."

"Na majivu?" nikauliza. Kujifunza hakuna mwisho.

"Majivu gani?"

"Usimsikilize," dada akasema.

Nesi akamwambia Paka asipande paa kwa siku kadhaa, maana vijiwe hupenda kurudi. Akamwambia dada jambo jingine, na alilirudia mara mbili: akija mtu anazunguka na ulimi mzito, au mkono umelegea, au anaona vitu viwiliviwili, au kichwa kinampasuka ghafla, asimlaze wala asimpindue, amlete mbio. Na mwenye shingo mbovu vilevile, aanzie kituoni.

Jumamosi Paka alikuwa chini ya ukumbi wa shule, wenzake juu, anawaelekeza kwa kelele mpaka sauti ikamkauka. Jumatano iliyofuata akapanda. Mkewe alisimama chini tangu asubuhi mpaka bati la mwisho, shingo juu, na jioni akaja kwa dada kulalamika kwamba sasa kizunguzungu ni chake.

Chupa hazipo tena kwenye rafu. Gome lililobaki dada alilifunga kwenye gunia na kuliweka chini ya kitanda chake, hakulitupa, mimi sikuuliza. Kisu cha mama sasa kinamenya tangawizi. Wagonjwa wanalazwa, na kwa kuwa magoti ni yaleyale, anayewashika na kuwapindua ni mimi, yeye amekaa kigodani anaamuru: "Taratibu! Hilo ni tikiti? Subiri macho!" Mwishoni anawapa kikombe cha tangawizi, na anawaambia wazi: "Hiki ni cha tumbo na cha kuagana. Kazi imeshafanyika." Wako wasiopenda kuambiwa hivyo. Mwalimu mkuu mstaafu alikuja tena na kizunguzungu chake, akapona, akaonja kikombe, akakunja uso. "Ile kali ilikuwa bora," akasema.

Wiki iliyopita Paka alikuja kuziba paa la dada lililokuwa linavuja juu ya rafu. Alimaliza, akashuka kwa miguu yake miwili, tukakaa watatu kunywa chai. Dada alimimina mwenyewe. Ya Paka, ya kwake, ya kwangu. Nikapiga funda la kwanza.

Pilipili. Na chini ya pilipili, kitu kama jikoni kulivyo baada ya moto kuzima.

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama juu ya kikombe chake, shavu limetulia, hana hata kicheko.

"Vipi, msaidizi mkuu?" akauliza. "Imekolea?"

"Imekolea, dada," nikasema, nikainywa mpaka mashapo.